Rukiyo na Lori la Magunia Hamsini na Tano

Nitamweleza Rukiyo kama alivyo, ingawa sijawahi kumpenda. Anayetaka sifa tupu akawaulize wateja wake, watampa bure.

Tuliingia Garissa siku moja, juu ya lori moja la mbuzi kutoka Tarbaj, mwaka wa themanini na nne ukame ulipomaliza mifugo. Yeye alikuwa na chombo kimoja cha maziwa, kile cha kusukwa kinachofukizwa moshi ndani. Mimi nilikuwa na birika. Zaidi ya hapo tulikuwa na nguo za mwilini tu. Nataja hili mapema ili ijulikane kwamba tulianza mstari mmoja. Miaka kumi na miwili baadaye nilikuwa na duka mtaa wa Galbet lenye mlango wa chuma, na ngamia kumi na mmoja waliochungwa na kaka yangu Mohamud kule Tarbaj. Ngamia wale walitoka kwenye birika, kikombe baada ya kikombe, na hakuna mtu aliyenisaidia hata kwa kuni. Rukiyo alikuwa bado ameketi chini kwenye turubai lake hatua thelathini kutoka mlangoni pangu, akiuza maziwa ya ngamia.

Kwa haki yoyote, watu wangenisikiliza mimi. Lakini mtu akitaka kujua kama barabara ya Wajir inapitika, alinipita mimi na mlango wangu wa chuma akaenda kuchuchumaa mbele ya turubai.

Sababu ilikuwa nini? Nimeitafuta sana. Kila asubuhi, kabla ya kuuza, alimimina tone nyuma ya kiganja, akanusa, akalamba. Kisha akamwambia mnunuzi: "Haya ya alfajiri. Yale ya jana jioni, yameanza kuchachuka, ukiwa na mtoto mchanga usinunue." Hakuna aliyemuuliza! Mimi nimefanya biashara miaka yote hii na sijawahi kumwambia mteja jambo ambalo hakuliuliza. Ningetegemea afilisike. Kumbe adhuhuri ilipoadhiniwa vyombo vyake vilikuwa vimeinamishwa vikauke, vitupu, na mimi nilikuwa nimeegemea kaunta nikifukuza nzi.

Hata mama yangu mzazi, aliyekuwa akilala nyumbani kwangu na kula wali wangu, alikuwa upande wake.

"Maziwa ya Rukiyo yako wapi?"

"Mama, maziwa ni maziwa. Yote yanatoka kwa ngamia."

"Ya wengine yana maji na maneno ndani. Nipe ya Rukiyo."

Basi nilikuwa nikinunua maziwa kwa yule mwanamke kila siku ya Mungu, na bei hakunipunguzia.

Sasa nieleze jambo moja ili mgeni asipotee. Kwetu mifugo haihamishwi kwa maneno. Kabla ya kung'oa nyumba na kupakia ngamia, hutangulizwa mtu mmoja aende akaone malisho na maji. Mtu huyo tunamwita sahan. Akirudi, wazee humkalisha na kumuuliza, na sharti lake ni moja: atenganishe alichokiona na alichokisikia. Akiambiwa na mchungaji njiani kwamba kisima fulani kina maji, atasema, "Hilo nimelisikia." Anayechanganya hayo mawili hatumwi tena, wala binti yake haolewi kwa urahisi.

Baba yake Rukiyo alikuwa sahan. Ule mwaka wa ukame aliugua, na amu yake Rukiyo akahamisha ngamia sitini kwa neno la msafiri aliyesema mvua imenyesha upande wa mashariki. Haikuwa imenyesha. Msafiri naye alikuwa ameambiwa. Rukiyo alitembea nyuma ya kundi lile hadi likaisha. Hakuwahi kunisimulia mimi hayo, nimeyapata kwa watu. Ninachojua kwa masikio yangu ni kwamba alipofika mjini alikuwa na swali moja, na hakulibadilisha: "Umeona au umesikia?"

Alimuuliza kila mtu. Sukari imepanda? Umeona au umesikia? Fulani kaacha mke? Umeona au umesikia? Sadia muuza chai, ambaye ulimi wake una chumvi, alimpa jina la Karani wa Kaburini. Alisema malaika wakija kumhoji Rukiyo siku ya kuzikwa, yeye ndiye atakayewahoji. Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Mwaka wa tisini na sita akaja Korane na lori.

Korane alikuwa mfanyabiashara mwenye ndevu za hina, mtu wa kununua magari yaliyotumika huko bara na kuyauza kwetu kwa mifugo. Lori alilokuja nalo lilikuwa dogo, jeupe, pua fupi, tairi sita, na ubao mpya nyuma. Jina lake la kiwandani hatukuweza kulitamka, kwa hiyo mji ukalibatiza Geelyare, yaani ngamia mdogo. Aina ile haikuwa imewahi kuonekana Garissa. Aliliegesha kando ya soko la mifugo, na kwa wiki mbili kazi yake ilikuwa kuwapa mbuzi kivuli.

Maneno ndiyo yaliyokuwa safarini. Eti Geelyare halichemki hata kwa jua la Machi. Eti linakunywa dizeli kama shomoro anavyokunywa maji. Eti injini yake iliundwa kwa ajili ya jangwa la Arabuni, na Arabuni wamekataa kuiuza nje, hii imetoroka. Mzee mmoja aliapa kwamba likizama mchangani, dereva akisoma Bismillahi mara tatu linajitoa lenyewe. Alipoulizwa na Rukiyo kama ameona au amesikia, alisema amesikia kwa mtu mwaminifu. Nani? Mtu mwaminifu.

Mimi nililitaka lori lile mpaka likawa linaniwasha. Nilikuwa nikipeleka vitunguu, viazi na unga kwenye maduka ya kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, na kila safari nililazimika kukodi lori la mtu na kungoja apendapo yeye. Ningekuwa na langu ningefika kwanza, na wa kwanza ndiye anayetaja bei. Korane alianza kwa ngamia tisa. Mpango wangu ulikuwa kumshusha hadi saba. Hilo najua kulifanya. Unapita mbele ya kitu kana kwamba hukioni. Unarudi kesho unasema tairi zimekwisha. Keshokutwa unasema rangi hii inaleta husuda. Anayetaka hukosoa, anayesifu sana hana mpango wa kununua. Hiyo ndiyo sheria ya soko letu, na nimekula kwayo maisha yangu yote.

Kisha nikaivunja mwenyewe, kwa sababu ya Rukiyo.

Ilikuwa Alhamisi. Wanawake walikuwa wamejaa dukani wakingoja nipime sukari. Mmoja wao, Ubah, mke wa maalim Yahye wa chuo cha Kurani, akasema, "Mmesikia? Zahanati moja ya Dagahaley inataka maziwa kila siku, na wamesema wanataka ya Rukiyo tu."

"Mashallah," wakasema wote. "Yule anastahili."

Anastahili! Mimi nilikuwa nikipeleka mizigo Dagahaley mwaka wa tatu, na hakuna zahanati iliyowahi kunitaja. Nikaibwaga ratili juu ya kaunta.

"Atayapelekaje?" nikauliza. "Kwa kichwa? Atakuja hapa kuomba nafasi kwenye Geelyare langu."

"Lako?" Ubah akatoa macho.

"Karibu. Mnajua lori lile ni kitu gani? Moja la aina ile ile lilifika Dagahaley wiki jana. Magunia hamsini na tano ya mahindi. Mchanga wote ule, na boneti haikufunguliwa hata mara moja."

Wakasahau sukari, wakanisogelea. Kwa dakika moja hakuna aliyekuwa na habari ya maziwa.

Maneno yale niliyatoa wapi? Korane alikuwa ameniambia kwamba binamu yake wa Mandera alisema lori kama lile halishindwi na magunia hamsini. Tano niliongeza mimi, kama unavyomwongezea mteja kiganja cha sukari asirudi kwa jirani. Dagahaley niliichagua kwa sababu maziwa ya Rukiyo yalikuwa yakienda huko. Nilitaka nifike kabla yake, hata kama ni kwa mdomo.

Jumatatu maneno yangu yakanirudia. Korane mwenyewe aliingia dukani, akakaa juu ya gunia la maharagwe bila kukaribishwa.

"Shamis, nilikuwa nikiuza kwa ujinga. Mji mzima unasema aina hii imebeba hamsini na tano hadi Dagahaley. Nimeambiwa na watu wanne, mmoja ni maalim. Bei sasa ni ngamia kumi na mmoja."

Kumi na mmoja. Wote. Mjini kwetu ngamia wa mtu huhesabiwa na asiyewachunga.

Ningemwambia nini? Kwamba uongo ni wangu? Nilimkaribisha chai, na chai ikamshuka vizuri kuliko ilivyonishuka mimi.

Bado ningengoja. Mtu mwenye subira hushusha chochote, na Korane hakuwa na mnunuzi mwingine. Lakini siku ile ile Sadia alikuja kuchukua majani ya chai akasema, "Karani wa Kaburini ameanza kazi. Anazunguka mji mzima anauliza habari za Geelyare. Amemuuliza mume wangu, ameniuliza mimi, amemuuliza mzee Nuh dereva. Eti nani aliliona likifika Dagahaley? Lilikuwa na nambari gani? Dereva alikuwa nani? Leo asubuhi nimemkuta amepiga magoti mlangoni mwa lori pamoja na fundi Mutinda, anapangusa vumbi kwa ncha ya shuka."

"Analikosoa?"

"Wallahi, kuanzia taa hadi tairi."

Msomaji ameshaona nilichokiona mimi. Anayetaka hukosoa. Rukiyo alikuwa na oda ya zahanati, alihitaji gari, na sasa alikuwa akiliponda lori lililokuwa karibu kuwa langu ili ashushe bei alinyakue. Ngamia angewapata kwa wajomba zake wa Tarbaj, ambao hawajawahi kumnyima kitu. Nikamwona kwa macho ya moyo ameketi mbele, pembeni ya dereva, vyombo vyake vya maziwa nyuma, akinipita mimi nimesimama mlangoni na ratili ya sukari mkononi. Usiku ule niliuacha wali ukapoa.

Siku ya mnada nikamtafuta Kulow. Kulow ni mtoto wa mamangu mkubwa, dalali wa ngamia, na ndiye anayenishikia mkono. Kwetu bei kubwa haitajwi kwa sauti. Madalali wawili huingiza mikono chini ya shuka moja na kubanana vidole. Kidole kimoja ni moja, kiganja kizima ni tano, na anayetazama haambulii kitu. Mwanamke hawezi kuingiza mkono kwenye shuka la mwanamume asiye maharimu wake, kwa hiyo mimi husimama mbali nikisoma kiwiko cha Kulow.

Kiwiko kilicheza muda mrefu. Kisha akanijia.

"Kumi na mmoja, abayo, dada yangu. Nimemvuta hata kidole kimoja hakitoi. Twende zetu, kesho ataita."

"Kubali."

"Shamis, ngamia wote? Utabaki na nini?"

"Kubali nimekwambia, kabla yule hajafika."

"Yule nani?"

"Kulow!"

Akarudi, akashika, na kama ilivyo desturi akatangaza mbele ya watu kilichouzwa, ila bei ilibaki chini ya shuka: "Shuhudieni. Korane amemuuzia Shamis lori hili jeupe, la tairi sita, la aina inayobeba magunia hamsini na tano, kwa ngamia watakaokabidhiwa Tarbaj siku ya tano kuanzia leo."

"Naam," akasema Korane.

Nilipogeuka nilimwona Rukiyo amesimama kati ya mbuzi, amenitazama. Hakuonekana kama mtu aliyeshindwa. Hilo liliniudhi zaidi ya yote.

Kesho yake, saa nne, alikuja dukani. Hakuja peke yake. Nyuma yake walikuwa Sadia, mzee Nuh dereva, maalim Yahye na mkewe Ubah, wamefuatana kama watu wa foleni ya posho. Korane naye alikuwapo tayari, amekuja kunywa chai ya mshindi, na Kulow alikuwa amekaa karibu na mizani akinuna. Watu wa jirani walipoona msafara wakasogea mlangoni.

"Assalamu aleikum, walaal," akasema Rukiyo, akiniita ndugu.

"Wa aleikum salaam. Unanunua nini?"

"Sinunui. Nina mzigo wa maziwa utakaopanda Geelyare, nataka kujua kama utafika. Nimeuliza habari ya hamsini na tano ilitoka wapi." Akamgeukia Sadia. "Sema."

"Mimi nilisikia kwa Nuh," akasema Sadia, akijizuia kucheka.

"Nuh?"

"Nilisikia kwa maalim. Nikasema, maalim hawezi kudanganya."

"Maalim?"

Maalim Yahye akakohoa. Mtu wa chuo, anayewafundisha watoto kwamba neno lisilojulikana limepokewa kwa nani ni upepo. "Nilisikia kwa mke wangu."

"Na mimi," akasema Ubah, akiniangalia kama mtu aliyekanyaga mwiba wa nyumbani, "nilisikia hapa. Alhamisi. Nikingoja sukari."

Wote wakanigeukia. Rukiyo hakupandisha sauti. Aliuliza vile vile anavyowauliza wote, kana kwamba ni habari ya kisima.

"Shamis. Umeona au umesikia?"

Nitasema ukweli kuhusu kilichopita kichwani mwangu, kwa sababu watu hupenda kudhani kwamba saa kama hizo mtu humkumbuka Mungu. Mimi nilikumbuka ngamia. Nikinyamaza, au nikisema nimeona, heshima yangu inabaki, na siku ya nne kuanzia leo Mohamud anafungua zizi tupu. Nikisema kweli, wanawake hawa watanicheka hadi Idd. Niliweka haya mawili kwenye mizani. Aibu haikamuliwi, lakini pia haili ngamia.

"Sikuona," nikasema. "Korane aliniambia hamsini. Tano niliongeza mimi. Na Dagahaley niliongeza mimi."

Sadia akacheka mpaka akashika mlango. "Shamis wa biashara! Umejipandishia bei mwenyewe!"

"Korane," akasema Rukiyo, "hamsini uliyaona?"

"Binamu yangu wa Mandera..."

"Aliona?"

Korane akapapasa ndevu. "Aliambiwa." Kisha akakumbuka yeye ni nani, akasimama. "Lakini hiyo si kazi yangu! Mkono umeshikwa mbele ya watu. Uongo ni wa Shamis, basi aubebe yeye."

"Mkono umeshika lori linalobeba magunia hamsini na tano," akasema Rukiyo. "Kulow alitangaza, wewe ukasema naam. Ulipotoka tisa kwenda kumi na mmoja, ulipanda kwa uongo huo huo. Ngamia wa mizigo akiuzwa, adeer, amu yangu, hupakiwa kwanza, akainuliwa. Mpakie basi tumwone akiinuka."

Kulow akaruka kutoka kwenye gunia kama mtu aliyerudishiwa uhai. "Hiyo ni desturi! Mpakie!"

Maalim Yahye akasema ni desturi. Mzee Nuh akasema ni desturi. Korane hakuwa mtu mbaya, alikuwa mfanyabiashara kama mimi. Alitazama mlango, akaona watu arobaini, akasema, "Haya. Na likiinuka?"

"Likiinuka," nikasema, "ngamia ni wako wote kumi na mmoja, na sisemi neno."

Wapagazi walijaza magunia mchanga wa mto Tana. Tulipima la kwanza kwenye mizani yangu, kilo tisini sawasawa, na mengine yakajazwa kwa kulifuata. Mji ulikuja kutazama kama ni sherehe. Magunia thelathini yalipopanda, lori lilitulia. Arobaini, springi za nyuma zikaanza kulala. Hamsini na tano, tairi zilikuwa zinanong'ona na ubao, na pua fupi ile ilikuwa inaangalia mbinguni.

"Linaomba dua," akasema Sadia.

Mzee Nuh alipanda akaliwasha. Nikiri kwamba liliondoka. Lilitambaa hadi mwisho wa mji kwenye barabara ya Dadaab, watoto wakilipita kwa miguu, na pale mchanga mwekundu unapoanza likazama hadi ekseli. Nuh akakanyaga. Likaguna, likatoa moshi mweusi, kisha mvuke mweupe ukatoka mbele kama birika langu la zamani. Mzee wa Bismillahi alikuwapo. Alisoma mara tatu, akaongeza mara nne. Lori halikutoka.

"Labda ni udhu wako," mtu akamwambia.

Hapo ndipo fundi Mutinda, Mkamba aliyekuja na sanduku lake la spana, akaja karibu nami akicheka peke yake.

"Mama Shamis, mngeniuliza mimi. Juzi huyu mama wa maziwa aliniita. Akaniambia kwa ulimi wenu usiotamka 'p', 'Fundi, soma hii, bole bole.' Kuna kibati hapo ndani ya mlango. Kimeandikwa mzigo wake ni kilo elfu tatu. Akaniuliza nani ameandika. Nikamwambia waliolitengeneza. Akaniuliza, 'Walibima wenyewe?' Nikamwambia ndiyo mama, hao walipima. Akasema, 'Haya. Hao basi waliona.'"

Kibati. Kwa wiki tatu mji mzima ulikuwa umezungumza juu ya lori lile, na jibu lilikuwa mlangoni, chini ya vumbi. Mimi ninayesoma hesabu za duka kila jioni nilikuwa nimelizunguka mara kumi nikikagua tairi.

Tukashusha magunia ishirini na mawili. Yakabaki thelathini na matatu, kilo elfu tatu kasoro thelathini. Wapagazi wakalisukuma likatoka, likangojwa lipoe, likaongezewa maji. Kisha Nuh akalipeleka mbele mchangani hadi likapotea, akakaa muda, akarudi anaimba. Halikuchemka. Lori lenyewe, kumbe, halikuwa na kosa. Lilikuwa limeandika ukweli wake tangu kiwandani, likangoja mtu alipanguse.

Shuka likatandikwa upya pale pale barabarani. Sasa nilijua ninachonunua, na Korane alijua kwamba najua. Nilikikodolea macho kiwiko cha Kulow. Kilicheza kidogo tu.

"Saba," akasema Kulow, anameremeta.

"Mwambie sita, tairi zimekwisha."

"Abayo, usimuue mtu. Saba."

Nikakubali. Ngamia wanne walibaki Tarbaj, na wawili wao walikuwa na mimba.

Jioni nilimfuata Rukiyo kwenye turubai. Sikwenda kushukuru. Nilikuwa na swali lililokuwa likinikwaruza.

"Ulikuwa unalitaka, sivyo? Ulikuwa unalikosoa ulinunue."

Alikuwa akifukiza chombo kwa kijinga cha moto. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Lori? Nikaliweke wapi, walaal? Sijui hata linapowashwa."

"Basi kwa nini ulihangaika mji mzima?"

"Maziwa yangu yakilala njiani yanaoza. Watoto wa zahanati wanangoja." Akaupulizia moshi. "Na ulikuwa unatoa ngamia kumi na mmoja. Nilikuona ukianza na birika."

Hilo la mwisho angeweza kuliacha.

Lori limekuwa langu tangu siku ile. Nuh ndiye dereva, na halipakii zaidi ya magunia thelathini na matatu. Mzigo ukizidi anagoma. Maziwa ya Rukiyo hupanda kila alfajiri, na ninamtoza nauli kamili kwa kila chombo, sawa na watu wengine. Halalamiki. Analipa, kisha anamuuliza Nuh habari ya barabara, ameona au amesikia.

Mwaka uliofuata nilimleta mchoraji wa mabango. Nikamlipa vizuri aandike SHAMIS juu ya kioo cha mbele, kwa herufi nyekundu zenye kivuli cha manjano, kubwa kiasi cha kusomwa kutoka ng'ambo ya daraja la Tana. Siku rangi ilipokauka nilisimama mlangoni nikalitazama lori likiondoka. Wanaume wawili wageni, wametoka Wajir na mizigo yao, walikuwa wanangoja usafiri.

"Hilo linaenda Dagahaley?" mmoja akamuuliza Sadia.

"Pandeni tu bila wasiwasi," Sadia akawaambia, akimimina chai. "Hilo lilipimwa. Ni lile la Rukiyo."

Mama yangu, aliyekuwa ameketi nyuma yangu na kikombe cha maziwa ya Rukiyo, alikiinua mdomoni. Akanywa, kwa sauti.